Nitiki kisanduku kipi? Nataka uuguzi, na Fizikia nina 34

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 16, nasoma shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni, mkoa naomba nisiutaje. Novemba hii ya 2025 tumefanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili na sasa niko nyumbani likizo. Nakuandikia usiku kwa simu ya mama, maana mchana anaondoka nayo kwenda stendi kwenye biashara yake ya mama lishe.

Siku ya kufunga shule mwalimu wa taaluma alitugawia fomu yenye visanduku vitatu: Sayansi, Sanaa na Biashara. Unatiki kimoja, mzazi anasaini, unairudisha Januari siku ya kufungua. Ukisharudisha hakuna kubadilisha, huo mchepuo ndio unaokwenda nao mpaka kidato cha nne. Shule yetu ina mwalimu mmoja tu wa Fizikia na mkondo wa Sayansi ni mmoja. Tuliambiwa ambaye Fizikia yake haijafika 40 asijisumbue kutiki Sayansi, atashusha matokeo yake mwenyewe na ya shule.

Kwenye moko nilipata hivi: Kiswahili 80, Biolojia 71, Historia 66, Kemia 58, Uraia 55, Jiografia 52, Kiingereza 49, Hisabati 41, Fizikia 34. Kwa hiyo mimi ni mmoja wa wale walioambiwa wasijisumbue.

Shangazi, tangu nikiwa darasa la sita nataka kuwa muuguzi. Usiku mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, mimi ndiye niliyebeba beseni na khanga mpaka zahanati. Umeme ukakatika. Yule nesi alibana tochi kwa meno akaendelea na kazi, na mama alikuwa anatoka damu nyingi. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, sikuambiwa kitu, lakini mlango haukufungwa vizuri na niliiona mikono yake. Mama mzima, mtoto mzima. Toka siku hiyo sijatamani kazi nyingine.

Sasa dada mmoja aliyemaliza kidato cha nne mwaka huu ameniambia nisihangaike. Anasema Biolojia ni ya lazima hata kwa watu wa Sanaa, kwa hiyo nitiki Sanaa, nibaki na Biolojia yangu, nifaulu vizuri, halafu niombe chuo cha uuguzi. Mimi nimeona kama ni njia nzuri. Marafiki zangu watatu wao wametiki Biashara ili wasitengane.

Baba analima alizeti. Hajakataa nisome, na sitaki umfikirie vibaya. Lakini anasema Fizikia ni somo la watoto wa kiume, na mtoto wa kike achukue Sanaa apate ualimu. Mama akisikia habari ya uuguzi anatabasamu tu, hasemi. Fomu iko chini ya godoro.

Nitiki wapi? Na nikichukua Sayansi, hiyo Fizikia si itanivuta nipate divisheni mbaya?

Mwenye fomu chini ya godoro


Marahaba mwanangu.

Nianze na maneno ya huyo dada yako, kwa sababu hilo likikaa vibaya, yote mengine yatakaa vibaya. Amekosea. Hana nia mbaya, na jambo lenyewe hata baadhi ya walimu hawalijui, lakini amekosea. Ni kweli Biolojia ni ya lazima kwenu wote na ukitiki Sanaa utabaki nayo. Ila stashahada ya uuguzi na ukunga hairidhiki na Biolojia peke yake. Inataka cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ya dini hayahesabiwi, na miongoni mwa hayo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, kila moja D kwenda juu. Utabibu ni vivyo hivyo. Famasia ndiyo inayokubali Kemia na Biolojia bila Fizikia. Masharti haya yamo katika mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na unaupata kwenye tovuti yao kwa hiyohiyo simu ya mama. Naomba uufungue uusome mwenyewe kabla ya Januari. Baba yako ataamini zaidi maandishi ya serikali kuliko maneno ya shangazi asiyemjua.

Kinachonitia uchungu ni kwamba mlango huo ukijifunga haupigi kelele. Utatiki Sanaa, utasoma miaka miwili ukiwa na amani, utafaulu, watakupongeza nyumbani, utaomba chuo. Hapo ndipo utakapoambiwa hukidhi vigezo, na utadhani kuna makosa kwenye maombi. Wasichana wa namna hiyo wamenijia nyumbani na vyeti vizuri mkononi, Biolojia B, wanauliza wafanye nini. Wa mwisho alikuja na mama yake. Nilimweleza kuhusu kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ni kweli inawezekana, lakini Fizikia ina mtihani wa vitendo, na mtu aliyekwisha kutoka shuleni anaipata wapi maabara? Analipa kituo, anatafuta mwalimu, anaanza kurasa za kidato cha tatu peke yake akiwa na miaka 19. Wewe maabara unayo sasa, na mwalimu unaye, hata kama ni mmoja.

Tuje kwenye hiyo 34 inayokunyima usingizi. Baraza la Mitihani linahesabu hivi: 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya 30 ni F. Kwa hiyo 34 yako ni D. Mwanangu, umeshavuka kiwango cha chini ambacho chuo cha uuguzi kinakitaka katika Fizikia, na umekivuka kabla hata ya kuanza kidato cha tatu. Siku ile mwalimu aliposema 40, alikuwa anataja mstari wa shule yenu. Mstari wa taifa uko kwenye 30.

Na la divisheni, hebu chukua kalamu tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo hofu yako inapoishia. Divisheni ya kidato cha nne inatokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Chukua matokeo yako ya moko kama yalivyo, usiongeze hata alama moja. Kiswahili 80 ni 1. Biolojia 71 ni 2. Historia 66 ni 2. Kemia 58 ni 3, Uraia 3, Jiografia 3, Kiingereza 49 ni 3. Jumlisha. Ni 17, na divisheni ya kwanza inaishia kwenye 17. Hisabati na Fizikia hazikuingia kabisa kwenye hesabu hiyo, ziko nje zimekaa na D zao. Hiyo Fizikia unayoambiwa itakuvuta haikukuvuta hata pointi moja, na bado inabaki kwenye cheti, imeandikwa D, ikisubiri siku utakapoomba chuo.

Nimeirudia hesabu hii mara mbili kabla ya kukuandikia kwa sababu nilitaka niwe na hakika. Mtihani wa kidato cha nne ni mpana kuliko moko yako, huwezi kuuchukulia kwamba 17 hiyo iko mfukoni. Lakini utaratibu wa kuhesabu hautabadilika kwa sababu umechukua Sayansi.

Kwa nini basi shule inasema hivyo? Nitakuambia bila kuwasema vibaya walimu wako, kwa kuwa nami nimefundisha Kemia miaka mingi katika shule za wasichana na nimekaa katika vikao hivyohivyo vya taaluma. Shule inatazamwa pia kwa kila somo. F za Fizikia zikiwa nyingi, mkuu wa shule anaulizwa. Mwalimu ni mmoja, vifaa vinatosha wanafunzi wachache, na njia rahisi ni kupunguza idadi ya wanaofanya mtihani. Nilishawahi kunyoosha mkono kuunga mkono uamuzi wa aina hiyo. Tulikata wasichana 11 siku moja kwa kuangalia karatasi ya alama, hatukumwita hata mmoja tukamuuliza anataka kuwa nani. Ni jambo linalonikaa kifuani mpaka leo, na ni sababu mojawapo ya mimi kukujibu kwa urefu huu.

Sababu nyingine ni ya zamani zaidi. Mimi nilikuwa kidato cha pili mwaka 1977, shule ya wasichana. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, shule za sekondari katika miaka ya sabini ziligawanywa kwa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Neno hili mchepuo mnalolitumia mpaka leo ndipo lilipokomaa. Yetu ilipewa sayansikimu. Tulijifunza kushona, kupika, lishe, kutunza nyumba, na sidharau hata kimoja, nguo za wanangu nilizishona mwenyewe. Lakini Fizikia haikuwepo. Haikufundishwa kabisa, kulikuwa na chumba kilichoandikwa maabara na ndani tuliweka vyerehani. Mimi nilitaka udaktari. Nilikuja kujua kuwa udaktari unataka Fizikia nikiwa kidato cha nne, kutoka kwa kaka yake rafiki yangu aliyesoma shule ya wavulana. Nikaendelea na Kemia, Biolojia na Jiografia, nikawa mwalimu. Kazi yangu niliipenda. Lakini mimi sikupewa fomu yenye visanduku, na wewe umepewa.

Ndiyo maana nashindwa kusikia maneno ya kuwa Fizikia ni ya wavulana nikanyamaza. Kwa muda mrefu ilikuwa ya wavulana kwa sababu ilipelekwa kwenye shule zao. Leo serikali yenyewe, kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, imekuwa ikijenga shule za wasichana za mikoa zenye mkazo wa sayansi, lengo likiwa 26, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara. Msalato, Kilakala na Tabora Wasichana ni shule za vipaji maalumu na wasichana wanasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) humo mwaka hadi mwaka. Baba yako akisema neno hilo tena, usibishane naye. Mtajie shule hizo, basi.

Sasa usinielewe kana kwamba natukana Sanaa. Moja ya makosa makubwa ya shule zetu ni kuifanya Sanaa kuwa jalala la walioshindwa Fizikia. Mtu aliyepata Kiswahili 80 na Historia 66 ana kichwa cha lugha, na ungeniambia unataka sheria, uandishi wa habari, au hata huo ualimu wa Kiswahili ambao baba anautaja, ningekwambia tiki Sanaa usiku huuhuu na ulale. Asha-Rose Migiro alisoma Weruweru, akaenda Korogwe Wasichana, akasomea sheria, na kuanzia 2007 hadi 2012 alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyemwambia amekwenda kwenye jalala. Lakini wewe hukuniandikia habari za sheria. Uliniandikia habari za mikono ya nesi na tochi mdomoni.

Kuhusu Biashara sina la kukuambia. Ni mchepuo mzuri kwa anayeutaka. Kuufuata kwa sababu ya kutotengana na marafiki watatu, mkiwa bweni moja na bwalo moja, hapana.

Nataka tukae zaidi kwenye Fizikia yenyewe, maana D ni mlango tu. Nafasi za vyuo vya serikali zinagombaniwa na wengi, mwenye C anatangulia mwenye D. Na ukija kubadili mawazo ukataka kidato cha tano, tahasusi ya PCB haitakuchukua na Fizikia dhaifu. Kwa ujumla kwenda kidato cha tano kunahitaji C tatu au zaidi na pointi zisizozidi 25. Wanasema tahasusi sasa zimefika 65 kwa hiyo chaguo ni nyingi. Ni kweli ni nyingi, lakini kila yenye Fizikia ndani inamtaka mtu aliyeisoma.

34 yako inatoka wapi? Chukua karatasi zako za Fizikia za muhula wote, kama hukuzitupa, uzitandike kitandani. Pitia kila swali ulilokosa na pembeni andika neno moja tu: lugha, hesabu, au sijui. Nimefanya hivi na wanafunzi wengi, na kwa kawaida "sijui" zinakuwa chache kuliko mtu alivyodhani. Kiingereza chako ni 49 na Hisabati 41. Nakuona kabisa ulivyo kwenye chumba cha mtihani: swali umelisoma mara mbili, neno moja hulijui, unaliruka. Au unalijua jibu ni la kanuni gani, unaiandika kanuni vizuri, halafu unashindwa kuigeuza ili kile unachokitafuta kibaki peke yake upande mmoja. Hiyo ni Hisabati ya kidato cha pili, ukiifanyia mazoezi wiki mbili za likizo inakaa. Maneno nayo, tengeneza daftari dogo: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na mfano wa nyumbani.

Mifano ya nyumbani unayo mingi kuliko unavyojua. Darasa la sita na la saba ulisoma wenzo kwa Kiswahili, ukajua egemeo, mzigo na jitihada, na ninaamini ulijibu vizuri. Sekondari umekutana na kitu kilekile kimevaa Kiingereza ukadhani ni mgeni. Mkasi wa fundi cherehani ni wenzo daraja la kwanza. Toroli linalobeba magunia ya alizeti ni daraja la pili. Koleo la mkaa analolitumia mama yako stendi ni daraja la tatu, jitihada iko katikati. Kaa pembeni ya jiko lake siku moja na daftari lako, umsaidie kazi, na andika kila kitu kinachofanya kazi kwa Fizikia: sufuria yenye mfuniko, mvuke, mpini wa mbao usiounguza. Ni kazi ya asubuhi moja.

Halafu vitendo. Wanafunzi wengi wa shule zenye mwalimu mmoja wanaviacha mpaka kidato cha nne, na hapo ndipo wanapopoteza. Mtihani wa taifa wa Fizikia una karatasi ya nadharia ya alama 100 na ya vitendo ya alama 50. Theluthi nzima iko kwenye vitendo, na vitendo havitaki Kiingereza kingi, vinataka mkono mtulivu na uangalifu wa kuandika namba. Kusema kweli vinataka kitu kilekile ulichokiona kwa yule nesi. Springi, kioo na pini, kipande cha kioo cha kupindisha mwanga, nyaya na betri, pendulamu. Wasichana hufanya vizuri sana kwenye karatasi hii wakifundishwa mapema. Nilikuwa naazimwa kusimamia maabara ya Fizikia mwalimu wake alipokuwa na udhuru, na niliona daftari za vitendo zilizopangwa kwa usafi mpaka nikatamani ningekuwa mwalimu wa somo lile.

Pendulamu unaweza kuianza nyumbani kesho. Tafuta uzi imara na kijiwe cha duara. Funga, ning'iniza kwenye msumari wa mlango, pima mita moja kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe. Livute pembeni kidogo tu, liachie, na uhesabu mibembeo 20, kwenda na kurudi ni mmoja. Tumia saa ya kupimia muda kwenye simu. Utapata karibu sekunde 40. Kisha fupisha uzi uwe sentimita 25, ubembeze tena mara 20, utapata karibu 20. Urefu umeupunguza mara nne, muda umepungua mara mbili. Pima na urefu wa katikati, 80, 60, 40, uandike kwenye jedwali: urefu, muda wa mibembeo 20, muda wa mbembeo mmoja, na mraba wake. Ukichora grafu ya mraba huo kwa urefu, nukta zitakaa kwenye mstari mnyoofu. Ukiona mstari huo umetoka mikononi mwako, kwa uzi na jiwe la uani, hutaamini tena kuwa somo hili si lako.

Sasa wazazi. Umeniambia nisimfikirie baba vibaya, nami simfikirii vibaya. Mzazi anayelima alizeti na bado anamweka binti bweni ana haki ya kuogopa mtoto asirudi na sifuri. Ualimu anaousema ni kazi anayoiona na kuiheshimu, mwalimu wa kijiji anamjua kwa jina. Mueleze kwa lugha ya mlango: Sayansi ikifanikiwa, uuguzi, utabibu, famasia na ualimu wa sayansi vyote viko wazi, na huo ualimu anaoutaka umo ndani yake. Sanaa ikifanikiwa, uuguzi haumo. Mkulima haoni taabu kuelewa kuacha mbegu akiba.

Usimpelekee jambo hili mama asimame dhidi ya baba. Lakini anza na mama, kwa sababu ile tabasamu yake inasema kitu. Muulize usiku ule wa zahanati anaukumbukaje. Muombe yeye amwambie baba, kwa maneno yake, ilikuwaje. Inawezekana kabisa baba hakuwahi kusimuliwa yote. Kama yupo shangazi yako wa damu au mjomba ambaye baba humsikiliza, mshirikishe naye mapema, asije akasikia mambo yakiwa yameshaiva akaudhika.

Na baba, kama binti akikusomea hapa, nakuamkia kwa heshima. Naomba jambo moja kwako. Januari usimpe binti hela ya nauli peke yake. Panda naye basi mpaka shuleni. Neno la mzazi aliyesimama ofisini lina uzito ambao la mwanafunzi halina. Hutakwenda kugombana. Utamwambia mwalimu wa taaluma kuwa binti yako anataka uuguzi, kwamba umeona sharti la Fizikia kwenye mwongozo, na kwamba unaomba apewe muhula mmoja kwenye mkondo wa Sayansi aonyeshe. Mwalimu akisema nafasi zimejaa, omba kumwona mkuu wa shule. Omba pia, kama yote yatagoma, aruhusiwe kubaki Sanaa lakini aandikishwe Kemia na Fizikia juu yake, zipo shule zinazopanga ratiba hivyo. Ikishindikana hata hilo, uliza utaratibu wa uhamisho kwenda shule nyingine ya mkoa wenu kabla muhula haujakwenda mbali, maana darasa likishasonga mbele kumwingiza mtoto ni tabu.

Kwako mwanangu, siku hiyo nenda na vitu vitatu mkononi: karatasi ya moko, ukurasa wa mwongozo ulioandikwa sharti la uuguzi, na daftari la pendulamu. Hilo daftari mwonyeshe mwalimu wa Fizikia mwenyewe, faragha, kabla hata ya ofisini. Mwalimu aliye peke yake na kundi kubwa hajazoea kuona msichana aliyepimisha jiwe likizo bila kutumwa. Atakutetea, nina imani hiyo, nawajua walimu.

Wadogo zako usiwape ushauri huu kama ulivyo. Mtaala ulioboreshwa unaingia kwa awamu, una mkondo wa jumla na mkondo wa amali, una masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili, na mpangilio wa lazima na hiari ni mwingine. Wakifika zamu yao waulize upya. Niliyoyasema ni kwa wewe unayesoma Uraia na Historia kwa utaratibu wa zamani.

Fomu itoe chini ya godoro kesho. Jioni, vyombo vikishaoshwa na baba amemaliza kula, iweke mezani mbele yao wote wawili. Tiki Sayansi wakiwa wanakuona, halafu kalamu mpe baba asaini.